Safari ya Timu Isimwache Mtoto Nyumbani

Hotuba ya mtunza hazina wa timu za watoto kwa wazazi, makocha na walimu wa michezo, Busia, Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti wa baraza la kijiji, LC One, mwalimu mkuu uliyetufungulia ukumbi huu, makocha, walimu wa michezo, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mliokaa kule nyuma na jezi zenu: Bwana asifiwe, asalaam aleikum, hamjambo?

Nimeombwa niongee Kiswahili, nami nimefurahi. Humu ndani kuna Wasamia, Wateso, Wagwere, Waganda, na nawaona wageni wetu waliovuka kutoka Busia ya upande wa pili. Lugha hii ndiyo tunayouziana nayo nyanya kila siku hapa mpakani. Leo tuitumie kuhesabu pesa za watoto wetu.

Nimeshika daftari la timu hizi miaka sita sasa: wavulana wa mpira wa miguu, wasichana wa netiboli, na wale wakimbiaji wetu wachache. Kila shilingi iliyotoka mifukoni mwenu imeandikwa humu, na kuna ukurasa mmoja ambao kila nikiufungua moyo unaniuma. Ni wa safari ya Jinja, mwaka wangu wa pili. Kila mtoto alitakiwa atoe shilingi 25,000. Msichana mmoja, mfungaji wetu bora wa netiboli, mama yake alikuwa hajapata. Mtoto alikuja alfajiri amevaa jezi, viatu ameviosha, akasimama kando ya basi dogo la kosta akitutazama. Hakuomba. Tukaondoka tukamwacha pale.

Na ndani ya ile kosta, ndugu zangu, viti sita vilikuwa wazi. Kosta nilikuwa nimeikodi nzima. Viti vile vilikwenda Jinja na kurudi havina mtu, na mtoto yuko Busia.

Siku hiyo nilielewa kwamba kwetu umaskini una mwenzake, nao ni kuchelewa kuamua. Ningehesabu viti wiki mbili mapema, ningeona kwamba yule mtoto hakuwa ananiongezea gharama hata ya shilingi moja ya mafuta. Ningeweza pia kuiuzia timu nyingine viti vilivyobaki, na nauli ya kila mmoja ingeshuka. Ndiyo maana nimeomba kusimama hapa leo.

Nianze na gari, kwa kuwa gari ndilo linalomeza pesa nyingi.

Tunakodi gari vibaya. Kocha anapata barua ya mashindano, anaiweka mfukoni, siku tatu kabla ya safari ndipo anakwenda stendi. Dereva akimwona anahema anajua huyu hana pa kwenda, anataja bei anayotaka. Tena mashindano ya shule mara nyingi hukaribiana na kufunga au kufungua shule, wakati mabasi yamejaa na nauli imepanda kila mahali. Ukiongea na madereva watatu mwezi mmoja kabla, ukawaomba bei kwa maandishi, wenyewe wataanza kushushiana.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu: dereva akae nasi au arudi? Tuseme mashindano ni ya siku nne Mbale. Kutoka hapa hadi Mbale kupitia Tororo ni kama kilomita 80. Tuseme kosta inakwenda kilomita 6 kwa lita moja, na dizeli ni shilingi 5,000 kwa lita. Dereva akitushusha, akarudi Busia, kisha akaja kutuchukua, ameongeza kilomita 160, yaani lita kama 27, shilingi 135,000 hivi. Akibaki kutungoja, tuseme anataka 100,000 kwa kila siku ya kukaa bure, siku tatu ni 300,000, na bado tumpe chakula na mahali pa kulala. Kwa Mbale basi, mwambie arudi nyumbani. Lakini mashindano yakiwa Gulu hesabu inageuka. Huko ni kama kilomita 400 kwenda tu, kwa hiyo safari ya ziada ya kwenda na kurudi inakula mafuta ya zaidi ya shilingi 600,000. Huko mwache dereva akae, alale, ale nasi. Bei hizi zibadilisheni kulingana na siku yenyewe, ila hesabu ifanyike kwenye karatasi kabla hamjapeana mkono na dereva.

Na hiyo njia ya Gulu tuiongee kidogo. Nimesikia makocha wakipanga kwenda Kampala kwanza, kisha wapande kaskazini. Kwa nini? Kutoka hapa hadi Kampala ni kama kilomita 200, na kutoka Kampala hadi Gulu ni zaidi ya 330. Lami ipo kutoka Mbale hadi Soroti, kutoka Soroti hadi Lira, na kutoka Lira unatokea Kamdini kwenye barabara kuu ya Gulu ukiwa tayari umeshapita Karuma. Septemba 2024 daraja la Karuma lilipofungwa ili likarabatiwe, waliotegemea njia ya Kampala walizungushwa mbali. Sisi wa mashariki njia ya Soroti na Lira ilikuwa yetu tangu hapo, tena ni fupi. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba kila safari lazima ipite Kampala.

Barabara hufungwa, wazazi. Mei 2023 maji yaliharibu daraja la Katonga kwenye barabara ya Masaka, magari yakazungushwa njia ya Kanoni na Sembabule. Timu iliyokuwa na mafuta ya kutosha njia iliyonyooka tu ingefanya nini siku hiyo? Kwa hiyo kwenye kila bajeti natia fungu la dharura, sehemu moja katika kumi ya gharama ya gari, na halitolewi kwa soda wala kwa jezi mpya. Likirudi salama linaingia kwenye safari inayofuata.

Sasa viti. Kosta ina viti 29. Tuseme imekodiwa shilingi 600,000. Wachezaji 15 wakilipa peke yao, kila mmoja ni 40,000. Wavulana na wasichana wakisafiri pamoja wakiwa 25, kila mmoja ni 24,000, na viti vinne vinabaki vya makocha, matroni na mpishi. Gari ni lile lile, mafuta ni yale yale. Lakini hapa kwetu timu ya wavulana na timu ya wasichana zimekwenda mashindano ya mji mmoja, wiki moja, kwa magari mawili, kwa sababu makocha wawili walikuwa hawaongei. Naomba mnisamehe nikilisema hadharani. Wazazi ndio waliolipia ugomvi ule.

Majirani zetu wa Tororo na Malaba nao wana timu. Tukipata ratiba mapema tuwapigie simu, tuwachukue njiani. Nao siku nyingine watatuchukua.

Kuna akiba ambayo sitaki kuisikia. Mwaka juzi dereva mmoja alitupa bei iliyokuwa chini ya wenzake kwa shilingi 150,000. Tukafurahi. Hatukuangalia tairi, hatukuuliza spea. Tulipopita Bugiri mvua inanyesha, tairi la nyuma likapasuka, spea hakuna. Watoto walisimama kwenye mvua kando ya barabara ambayo malori yanapita kwa kasi, mkono wangu huu umewashika wawili na huu mwingine wawili. Tukakodi taksi mbili, yaani matatu, kwa shilingi 180,000 zitufikishe Iganga. Tulipofika, mechi ya kwanza tulikuwa tumeshahesabiwa kushindwa kwa kuchelewa. Ile 150,000 tuliyookoa ilikwenda na 30,000 nyingine juu, na pointi, na hofu ile ambayo bado naiona watoto wanapopanda gari.

Tangu hapo fundi wetu, baba wa mmoja wa watoto hawa, analikagua gari siku moja kabla: tairi, breki, taa, spea, bima na leseni ya kubeba abiria. Anafanya bure. Namshukuru sana, na Mungu ambariki.

Mtoto hapandi lori. Najua hapa mpakani malori yanayorudi matupu ni mengi, na dereva mwenye huruma anaweza kusema wapande tu nyuma. Hapana. Na hatusafiri usiku ili kukwepa malipo ya malazi. Mtoto aliyesafiri usiku kucha akifika anacheza amelala, na barabara zetu usiku mnazijua. Wenzetu wa Kenya wamekataza kabisa kusafirisha wanafunzi usiku, na gari letu likiwa kule linabanwa na sheria hiyo hiyo. Tuondoke saa kumi na mbili asubuhi kukiwa kumepambazuka, na tukishindwa kufika mchana tulale njiani.

Malazi yenyewe si lazima yawe hoteli. Mashindano mengi ya watoto nchini huwalaza wachezaji madarasani, na hilo halina ubaya wowote mradi tujiandae. Mtu mmoja atangulie kupiga simu kwa shule mwenyeji aulize: tumepewa darasa lipi, dirisha lina kioo, maji yako umbali gani, choo cha wasichana kiko wapi, mlango unafungwa? Godoro jembamba, blanketi, beseni na neti kila mtoto atoke navyo nyumbani. Neti nairudia. Mtoto akirudi na malaria mzazi atapoteza kwenye dawa na siku za kazi zaidi ya zile pesa tulizodhani tumeokoa. Matroni alale na wasichana, chumba kimoja nao. Hiyo ni gharama ya mtu mmoja zaidi, na tutailipa kila safari.

Chakula ndicho mahali ambapo kina mama tunaweza kufanya ajabu. Kwa hesabu ya daftari langu, watoto 25 wakinunua chakula hotelini mara mbili kwa siku, siku nne, pesa hiyo inakaribia kodi ya gari. Mwaka jana tulibeba unga wa posho, yaani wa ugali, maharage yaliyochambuliwa tayari, karanga za kusaga, na mukene wa Majanji uliokaushwa vizuri. Wenzetu wa upande wa pili wanaita omena, ni samaki yule yule, na ana nguvu kuliko soseji. Kilo 8 za unga ziliwashibisha watoto wote mlo mmoja. Mboga, nyanya na kuni tulinunua sokoni huko huko, maana kuvibeba ni kuvioza. Tulikwenda na mpishi wetu, mama ambaye binti yake anacheza netiboli. Hakulipa nauli, na sisi hatukumlipa ujira. Asubuhi uji wa karanga, na siku ya mechi kubwa mayai.

Maji yachemshwe nyumbani, yabebwe kwenye jerikeni safi. Chupa moja moja za njiani ni adui mkubwa wa bajeti. Na tukipita barabara ya Kampala, gari lisisimame Namawojjolo kabla ya watoto kula. Nawajua. Kuku wanachomwa, ndizi za gonja zinanukia, wauzaji wanaingiza vijiti dirishani, na mtoto mwenye njaa atamaliza pesa yake yote ya siku tatu kwa dakika tano. Wakishiba kwanza, tusimame, kila mmoja anunue gonja moja afurahi. Ni sehemu ya safari, sitawanyima hiyo.

Nije kwenye makaratasi. Mtu anaweza kuona haya si mambo ya kuokoa pesa, lakini karatasi moja iliyokosewa inaweza kuiteketeza safari nzima.

Wakubwa mnakumbuka mwaka 2011. Watoto wa Uganda wa besiboli walishinda mchujo kule Kutno, Poland, wakapata nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika pale. Wakanyimwa viza za Marekani, kwa sababu karatasi za umri wa baadhi yao hazikulingana. Watoto walikuwa wameshinda uwanjani, wakashindwa kwenye faili. Januari 2012 watoto wa Langley, kutoka Kanada, walisafiri wenyewe hadi hapa Uganda ili ile mechi ambayo haikuchezwa ichezwe. Na mwaka huo huo wa 2012 timu ya Lugazi ikapita, ikaenda Williamsport, ikawa ya kwanza kutoka Afrika. Lugazi ni hapo tu, njia ya Kampala, tunaipita. Mimi nikiipita huwa nawaza: kilichobadilika kati ya 2011 na 2012 kwa sehemu kubwa ni makaratasi.

Wangapi kati yetu tuna cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambacho jina lake linalingana na jina la shuleni? Naona mikono michache. Herufi moja ikitofautiana, rekebisheni sasa, wakati hakuna anayewakimbiza. Ukirekebisha wiki ya safari utalipa nauli ya kwenda na kurudi ofisini mara tatu, na utamlipa mtu wa kati ambaye hata hukupaswa kumjua.

Sisi wa Busia tuna bahati ambayo watu wa Mbarara hawana. Mwaka 2025 michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki ilikuwa Kakamega, na Kakamega kutoka hapa ni chini ya nusu ya safari ya Kampala. Kisumu nayo ni karibu kuliko Kampala. Kwa nini basi tunatumia pesa nyingi kutafuta mechi za kujipima nguvu mbali, na timu nzuri ziko ng'ambo ya geti? Watoto wanaweza kwenda kwa miguu asubuhi na kurudi jioni wakala kwao. Mechi nne za namna hiyo kwa mwaka zinawakomaza kuliko safari moja kubwa. Wageni wetu mliovuka leo, tafadhali tuongee baada ya mkutano.

Ila tuvuke kwa njia halali. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini kadi hiyo Uganda hutolewa kwa mtu aliyefika miaka 16, na watoto wetu wengi wana 13. Kocha aende pale kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, wiki tatu kabla, aulize kila mtoto wa umri huu anahitaji karatasi gani, abebe orodha ya majina na barua za idhini za wazazi. Njia za panya tusizitumie hata kama zinaokoa nusu saa. Mtoto akiumia uwanjani ng'ambo na hana rekodi ya kuingia, tutamtibuje na tutamrudishaje?

Kuna kadi mbili za manjano, msizichanganye. Moja ni ya mtoto, ya chanjo ya homa ya manjano. Serikali ilipofanya kampeni mwaka 2024 kwa watu wa umri wa mwaka 1 hadi 60, chanjo ilikuwa bure, kwa hiyo watoto wengi walichanjwa. Kazi yenu ni kwenda kupekua kabatini, maana ukipoteza kadi utahangaika. Nyingine ni ya gari, ya bima ya COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo gari likivuka mpaka linatakiwa kuwa nayo. Muulizeni dereva kabla hamjakubaliana bei, la sivyo ataikumbuka pale getini, na atakayelipa ni ninyi.

Sasa pesa zenyewe zitoke wapi? Kudai 40,000 wiki ya safari ni kumdai mzazi anayeuza mboga pesa ambayo hana kwa wakati ule. Lakini shilingi 2,000 kila wiki kwa wiki 40 ni 80,000. Zinatosha safari mbili za namna hiyo. Vikundi vyetu vya akiba vya kina mama mnavijua: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu wasiotoka nyumba moja, na pesa inahesabiwa mbele ya wote. Tufanye vivyo hivyo kwa watoto. Simu naipenda, lakini kila ukitoa pesa unakatwa kodi ya asilimia 0.5 pamoja na ada ya kampuni, na nikizitoa vipande vipande kwa matumizi madogo madogo ada hizo zinakuwa nyingi. Wanaotuma kwa simu watume, mimi nitatoa mara moja tu, mbele ya mashahidi.

Wafanyabiashara tusiwaombe pesa. Mwenye kituo cha mafuta tumwombe lita 40. Mwenye mashine ya kusaga tumwombe kilo 50 za unga. Mtu hutoa kwa urahisi kile alicho nacho mkononi, na akimwona mtoto amekula posho yake akashinda, mwaka ujao atakuja mwenyewe.

Na kwenye kila safari viti viwili vilipiwe na sanduku. Atakayevikalia asitajwe. Nitajua mimi na kocha, basi. Yule mfungaji wetu wa netiboli niliyewasimulia, baada ya siku ile ya Jinja hakurudi mazoezini kwa muda mrefu. Nilikwenda kwao mara tatu. Alirudi mara ya tatu, na leo ameketi humu ndani. Hajui kwamba ningemzungumzia, naomba aniwie radhi.

Sanduku limeshanunuliwa, liko hapa mezani, na daftari liko kando yake kwa anayetaka kulisoma. Litafunguliwa Jumamosi saa nne asubuhi, baada ya mazoezi. Ufunguo mmoja ameuchukua fundi wetu. Mbili bado hazina wenyewe, na mimi sitashika hata mmoja kwa kuwa ndiye ninayeandika. Nani atasimama azichukue?